Wembe na Mbegu za Zizini

Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, tunamwita Wembe. Wengine hudhani ni kwa sababu ya ulimi wake, na hawajakosea sana, ila jina lilitokana na wembe anaotembea nao wa kupasulia mbegu. Yeye haamini sura. Anapasua kumi, anatazama ndani, ndipo anakubali au anakataa.

Mimi kazi yangu ni kupatana bei. Kitalu chetu cha miti ya porini kiko nyuma ya nyumba, na mwaka ule tulikuwa na mteja mmoja tu: mwenye machimbo ya mawe yaliyokwisha, aliyetaka miche elfu tatu ya mgunga irudishe uhai mashimoni. Tukimkosa, tunafunga.

Wembe alisema tusubiri maganda yakauke mtini. Nikaona ananichelewesha. Nikapukutisha migunga yote ya bondeni kwa siku moja, nikarudi na magunia sita, kichwa juu. Akapasua kumi. Zote bichi, laini kama kamasi. Hakunigombeza. Aliuliza kama kuna mti niliouacha. Nikasema sikuacha hata mmoja.

Akasema, "Shemeji, si unajua kupatana? Nenda kapatane na mwenye mbuzi."

Ng'ambo ya mto migunga huwahi kukomaa, akanieleza, ila mbuzi wa huko hawabakishi ganda. Mbegu zenyewe ni ngumu. Hupita tumboni zikatoka nzima.

Basi nikapatana bei ya mavi ya zizini. Mwenye mbuzi alicheka mpaka akakohoa, akauliza ninalima mboga za mfalme gani. Nikalipa haraka, asije akapandisha bei.

Siku tatu tulifikicha mavi makavu, mimi nimejifunga kitambaa puani, yeye anapiga mluzi. Akaosha, akapasua kumi. Ndani nyeupe, zimeshiba. Tukazipanda kwenye trei, na siku ya tisa zikaanza kuchipua.

Miche ilipokua, mwenye machimbo alileta lori, akahesabu miche yake, akaridhika. Nimekutana na watu wengi sokoni, lakini aliyeniokoa na ujanja wangu mwenyewe, tena bila kunisimanga, ni Wembe peke yake. Tukiwa tunapakia nikamwambia, "Shemeji, ahsante. Bila wewe tungefunga."

"Najua," akasema. "Shika upande wa pili wa trei."