Kiongozi Anayetembea Nyuma

Asubuhi hii Glenys Purtell amesimama kwenye njia panda, katika milima ya jimbo la Victoria, Australia, kafunga mdomo. Mbele yake wanafunzi kumi na mmoja wa darasa la saba wanagombania ramani moja. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mikalitusi, na soksi zao zimelowa chapachapa.

"Ni kushoto!"

"Kushoto gani, na ramani umeishika kichwa chini?"

"Glenys, unatuzingua bwana! Si unaijua njia? Sema basi!"

Glenys, mwenye miaka hamsini na minane, anacheka. "Mimi mkia tu. Mkia haumwambii ng'ombe pa kwenda."

Hiyo ndiyo kazi yake kwa miaka kumi na tisa: kutembea nyuma ya watoto wa mjini, kuwaacha wapotee kidogo, wajipate wenyewe. Katika kambi hii ya matembezi, kiongozi hasemi mpaka pawe na hatari.

Ila safari hii moyo haujatulia. Mwalimu Koutsakis, aliyefuatana na kundi, ametumwa aangalie kama shule iendelee kuleta watoto. Wazazi wengine wanalalamika kwamba ni matembezi tu, na watoto wanakosa masomo. Shule hii ikijitoa, kambi inafungwa.

"Jana aliniuliza, 'Hasa wanajifunza nini huku?'" anasema Glenys. "Kazi nimeifanya miaka yote hiyo, na jibu sina. Nikajiona mjinga kabisa."

Kwenye njia panda, anayeichukua ramani mwishowe ni Ayla Brennock, binti wa miaka kumi na miwili ambaye tangu washuke kwenye basi hajasema la maana. Anainamisha kichwa, anasikiliza.

"Kulia," anasema. "Mto unatakiwa uwe upande huu. Si mnausikia?"

Glenys ana hakika kibanda cha kulala, wanakokwenda, kiko kushoto. Akinyamaza, watapotea mbele ya mwalimu. Akisema, kambi yenyewe ina maana gani? Anamtazama mwalimu, anawatazama watoto, na uvumilivu unamshinda.

"Jamani... mimi ningekwenda kushoto."

Ayla anageuka. "Lakini si umesema wewe mkia?"

Watoto wanaangua kicheko, wanabeba mizigo yao na kushika njia ya kulia. Glenys anafuata, kachanganyikiwa, akihesabu njia panda zote anazozijua na zote zikimkataa.

Haukupita muda, kibanda kikatokeza kwenye ukungu. Kushoto kungewafikisha kwenye zizi la zamani la ng'ombe. Ukungu ulikuwa umemfanya aidhanie njia panda hiyo kuwa nyingine.

Watoto walipokuwa wakichoma mkate wa dampa, ule usiotiwa hamira, kwenye makaa, Glenys alimwendea mwalimu.

"Nilikosea njia."

"Nimeona. Sasa shuleni niseme nini, Glenys? Kwamba kiongozi alipotea?"

"Waambie hawakunifuata."

Mwalimu aliendelea kupuliza moto. Hadi tunakwenda mitamboni, shule haijatoa uamuzi.

"Bado sielewi vizuri kama nimewafundisha mimi au bahati," anakiri Glenys. "Lakini mwakani tukiwepo, nitaomba Ayla aje, awafundishe wenzake kutonisikiliza."