Zahanati ya Mdogo Wangu

Mwezi uliopita mdogo wangu alinipigia simu akaniambia nivae vizuri nije Kaloleni, mtaa tuliokulia, zahanati yetu ya zamani inafunguliwa tena. Nilifika asubuhi, watu wangali wakipanga viti. Siwezi kusema uongo, jengo wamelitengeneza likapendeza. Vigae vyekundu vimerudi juu ya paa, madirisha ya mbao yamepakwa rangi ya kijani, na yale mawe yaliyochongwa kwa mkono yameoshwa mpaka unaona alama za patasi. Mama mmoja aliyebeba viti akanikazia macho.

"Wewe ndiye dadake Mwalimu?"

Nikasema ndiyo. Akanikumbatia, akanisifia mdogo wangu mpaka akakosa pumzi, halafu akaenda zake bila kuniuliza jina. Basi, rafiki yangu, mimi nina wajukuu sasa, lakini wivu ulinishika palepale, kama nilivyokuwa mtoto.

Ngoja nikueleze wivu huo ulikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya sabini baba alikuwa fundi wa reli, na sisi tuliishi mtaani humo katika nyumba ya chumba kimoja na jiko. Jumamosi mama alitwanga mahindi ya muthokoi, yale ya kukobolewa maganda, na mlio wa mchi wake ndio ulioniamsha. Mdogo wangu alikuwa na pumu. Baridi ya Julai ikija, kifua chake kililia kama birika linalotaka kuchemka, na mama akanifunga huyo mtoto mgongoni kwa leso. "Kimbia naye zahanati, nakuja nyuma," alikuwa akisema. Nami nilikimbia, kwa sababu niliogopa asije akanyamaza.

Tukifika, sista, yule muuguzi mkuu, alitoka mlangoni kumpokea. Alikuwa mama mnene kutoka mkoa wa Magharibi, kofia nyeupe imekaa wima kichwani, sauti yake inajaza ukumbi wote. "Mleteni binti yangu!" alisema. Binti yake! Akamfungua mgongoni kwangu, akaniangalia haraka. "Wewe uko sawa. Ngoja nje." Mlango ukafungwa, nami nikabaki uani na watoto wengine.

Lakini pua haifungiwi mlango. Nilinusa spiriti, nilinusa nta nyekundu ya sakafu, kisha yakaja maziwa ya moto. Mdogo wangu, kwa alivyonisimulia, alilazwa kwenye kitanda chenye shuka nyeupe, peke yake, wakati nyumbani tulilala wanne godoro moja, vichwa huku na miguu kule. Alipopata nafuu sista alimtilia glukosi kiganjani airambe, akamfundisha kusoma maandishi ya picha za ukutani. Alitoka anajua kusoma neno "chanjo" kabla mimi sijaweza kuandika jina langu sawasawa. Nyumbani nako mambo yalikuwa yaleyale. Asikaribie vumbi, asikaribie moshi. Kwa hiyo kufagia kukawa kwangu, mkaa wangu, na kuchambua mawe kwenye mahindi kukawa kwangu pia. "Wewe ndiye mkono wangu wa kulia," mama alizoea kuniambia. Nilitamani kuwa hata kidole cha mwisho cha mguu, mradi nilazwe kwenye ile shuka.

Siku moja niliamka mashavu yamevimba, siwezi kumeza mate. Furaha niliyokuwa nayo! Nilijiosha miguu, nikavaa gauni la kanisani, nikasimama mbele ya mama tayari kwa safari. Mama akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku.

"Hiyo ni matumbwitumbwi tu. Itaisha yenyewe."

Akanifunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini, akarudi kwenye sufuria yake. Nililia siku nzima. Mama akadhani ni maumivu.

Miaka ya themanini ilipokaribia kwisha mimi nilikuwa nimeolewa Nakuru, na mdogo wangu alikuwa mwalimu papo hapo mtaani. Sista alikuwa amestaafu na kurudi kwao. Zahanati ilifungwa, mvua ikaingia, mbuzi wakalala barazani. Kisha akajitokeza tajiri mmoja akadai kiwanja ni chake na anataka kujenga maduka. Asubuhi moja tingatinga likaja. Mama ndiye aliyenisimulia. Mdogo wangu aliketi chini mbele ya mlango, na wanawake wa mtaa wakaja mmoja mmoja wakaketi naye.

"Akina mama, nipisheni," dereva akasema. "Mimi nimetumwa tu."

"Basi mwambie aliyekutuma aje mwenyewe," mdogo wangu akamjibu.

Injini ikanguruma, vumbi likatanda, na pumu ikamkamata. Wanawake wakataka kumbeba, akang'ang'ania kizingiti, midomo imeanza kubadilika rangi. Hapo dereva akazima mashine, akashuka. "Siwezi kuua mtu kwa sababu ya nyumba," alisema, akaondoka. Kesi ilikwenda mahakamani, ikachukua miaka, lakini jengo halikuguswa tena.

Mama aliposimulia niliogopa, ndiyo. Ila baada ya hofu nilijiuliza ni nani angeketi vumbini karibu nami.

Siku hiyo ya kufungua, hotuba zilipokwisha, mdogo wangu alinishika mkono akanipeleka kwenye chumba kile alichokuwa akilazwa. Sasa ni chumba cha kupimia watoto. Nikaingia kwa mara ya kwanza maishani. Ni kidogo sana.

"Ulikuwa na raha humu," nikamwambia.

Akanishangaa. "Raha gani, dada? Nilikuwa nawasikia nje mkiruka kamba, wewe unahesabu kwa sauti kubwa kuliko wote. Nilikuwa nakuonea wivu mpaka nageukia ukuta."

Nikachungulia nje. Pale tulipokuwa tukiruka pamejaa vibanda vya mabati na magari yaliyoegeshwa, na wenzangu wa kamba sijui hata kama wako hai. Nilichomwonea wivu yeye kimepata paa jipya na mlinzi langoni. Alichonionea wivu mimi hakikuwa na jiwe hata moja la kushikilia, na siku kilipoondoka hakuna aliyeketi chini kukizuia.