Mkato Mmoja, Marehemu Kumi na Wanne

Leo nimewaua wazee kumi na wanne kabla ya chai ya saa nne. Mtaalamu wa kompyuta, si mchezo.

Walikuwa wanakutana Tongoni, wale walioanza darasa la kwanza pamoja miaka ya hamsini. Nikaombwa nitoe orodha yao kwenye kanzidata. Safu mbili tu: jina, na kama ni marehemu.

Kazi ya dakika mbili, nikajisifu.

Sasa, ukiandika amri ukasahau alama ya mkato kati ya safu mbili, mashine haigombi. Inadhani lile neno la pili ndilo kichwa unachotaka juu ya safu ya kwanza.

Basi karatasi ikatoka safi, na kichwa kimoja kikubwa: MAREHEMU. Chini yake, majina yote.

Nikatoa nakala, nikazigawa bila kusoma. Nisome kwa nini? Fundi mimi.

Mzee Kombo, aliyekuwa monita wao, akaanza, "Inna lillahi..." Akateremka na majina mpaka akafika kwenye lake.

Bi Mwanaidi, shangazi yangu, akanitazama juu ya miwani.

"Mwanangu, nimezikwa lini? Mbona sikuarifiwa?"

Nikaomba radhi, nikatia mkato, nikachapa upya. Shangazi akafuata mstari wake kwa kidole.

Jina: Mwanaidi. Marehemu: BADO.

"Bado?" akasema. "Kumbe mna haraka."

Hivi sasa amekaa ubavuni mwangu, hatoki mpaka kichwa kibadilike. Jamani, niandike nini?