Godoro la Gari la Wagonjwa

Mwanangu, naikumbuka siku niliyolazwa juu ya kazi ya mikono yangu mwenyewe, nikabebwa nayo kutoka Karatu hadi hospitali ya Wasso. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mzima wa afya, na nilikuwa naadhibiwa.

Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea mwisho. Nilifanya kazi kwa Mama Eliakunda, mjane aliyetoka Machame akafungua karakana ya viti vya magari hapa Karatu. Magari ya watalii yalikuwa yanaongezeka, barabara ilikuwa vumbi na makorongo, na sponji za viti zilibonyea upesi. Mama alijua kuumua sponji mwenyewe. Alinunua Arusha dawa mbili za maji, moja nzito kama asali, nyingine nyepesi. Ukizichanganya ndani ya boksi la mbao zinaumuka kama unga wa mandazi, kisha zinakauka zikiwa laini.

Ndipo akaja Lekishon, mtu wa Enguserosambu, dereva wa gari la kubebea wagonjwa la hospitali hiyo ya Wasso, ng'ambo ya Ngorongoro. Alitaka godoro la kitanda cha nyuma.

"Haya ya dukani hayamalizi hata mwezi," alisema. "Yakishabonyea, mgonjwa analalia chuma."

Mama alikuwa anaondoka kwenda msibani kwao. Aliniachia kazi hiyo na agizo moja: "Jaribu kwanza kipande kidogo. Kikae chini ya mawe siku tatu, ndipo uumue godoro zima."

Sikujaribu. Nilikuwa nimesikia kwamba sponji ikitiwa unga wa mawe ya chokaa inakuwa ngumu, na ikitiwa nyuzi za katani haichaniki upesi. Basi nikawaza, kama kidogo kinafaa, kingi kitafaa zaidi. Nikamwaga unga kopo baada ya kopo. Katani nikaiosha asubuhi, nikaitia mchana ikiwa bado na unyevu. Godoro likatoka zito, zuri kwa macho. Lekishon akalipiga ngumi, akacheka kwa furaha. Nami nikajiona nimempita aliyenifundisha. Ujana, mwanangu!

Baada ya wiki tatu Lekishon alirudi. Hakunisalimia. Alishusha godoro lililokatika katikati, akamgeukia Mama, aliyekuwa amesharudi kutoka msibani.

"Nilikuwa na mama mmoja wa Digodigo, uchungu umemshika. Kwenye makorongo hiki kitu kikapasuka chini yake. Kiuno kimegonga chuma njia nzima. Mtoto amezaliwa salama, lakini mama mwenyewe hawezi kusimama."

Mama Eliakunda aliniuliza jambo moja tu. "Ulijaribu kipande?"

"Hapana, mama."

Hakupaza sauti. Alirudisha lile godoro garini kwa mikono yake. "Panda, ulale hapo. Kamwombe msamaha. Na usikalie kiti mpaka Wasso."

Tulipopanda ukingo wa Ngorongoro kwenye ukungu nilikuwa bado najikaza. Tulipoteremkia mbuga za upande wa pili nilikuwa nalia, na mimi sikuwa na mimba wala uchungu wa kuzaa.

Yule mama nilimkuta wodini, mtoto kifuani. Nilipiga magoti nikamweleza kila kitu.

"Kumbe ni wewe? Nilidhani ni mzee fulani asiyeona vizuri." Kisha akasema, "Baada ya wiki tatu naruhusiwa kwenda nyumbani, na gari la kunirudisha ni lilelile. Sasa utakaa hapo kunililia, au utaenda kunitengenezea godoro?"

Nikainuka.

Niliporudi Karatu na lile godoro, Mama alilichana kwa kisu ili nione ndani. Katani ilikuwa imejikusanya mafundo mafundo, na kila fundo limezungukwa na tundu kubwa, maana unyevu uliifanya dawa itoe povu kupita kiasi. Unga wote ulikuwa umetuama chini.

"Hukuitia sponji nguvu," alisema. "Uliitia vitu tu."

Tukaanza upya. Katani nikaichana kwa kitana, nikaikata vipande vifupi kama ukucha, nikaianika juu ya bati mpaka ikakauka kabisa. Unga nikauchekecha kwa kitambaa, nikatia kiasi cha kiganja. Vyote nikavikoroga kwanza ndani ya ile dawa nzito, polepole, mpaka nisione fundo, ndipo nikaongeza nyepesi. Kipande cha kwanza kilipasuka. Cha pili kilibonyea. Cha tatu kilikuwa kigumu kama ubao, Mama akakitupa. Cha nne kilikaa chini ya mawe siku tatu, na mawe yalipotolewa kikainuka kama hakikuguswa.

Lekishon alilichukua godoro jipya bila kucheka wala kulipiga ngumi. Aliporudi wiki iliyofuata alinipa mkono, akaniambia yule mama alilala usingizi njia nzima, na mtoto naye, mpaka wakafika Digodigo.

Siku hizi vijana waliosoma wananiambia zipo nyuzi nyembamba hata jicho halizioni, na ukitia chembe tu sponji inapata nguvu ya ajabu. Naamini, maana hata katani yetu ilisaidia zaidi kadiri tulivyoifanya nyembamba na kuisambaza vizuri. Mtafanya makubwa kuliko sisi, sina shaka.

Ila nisikilize. Kitu kizuri kikizidi kinaharibu, na kisiposambaa kinaacha tundu. Usijaribie kazi yako mwilini mwa mtu mwingine. Ijaribu mwenyewe kabla hajaihitaji. Na ukikosea, omba msamaha ana kwa ana, kisha rudi kazini siku hiyohiyo, kwa sababu aliyeumia anahitaji kazi njema kuliko machozi yako.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe afya na akili tulivu, na watu usiowajua kwa majina wapate raha kwa ajili yako.