Mfuko Mmoja wa Unga kwa Mama Mkwe

Fimbo ya ufagio ilikuwa na mistari miwili ya rangi ya kucha, mmoja mwekundu na mmoja wa zambarau. Marcellin alikuwa amepiga magoti mbele ya Toyota Venture yake kuukuu, pale mtaani Yeoville, akiisimamisha fimbo hiyo kando ya tairi kama mtu anayempima mtoto urefu. Mstari mwekundu ulionyesha mahali ukingo wa bati la juu ya tairi ulipokuwa kabla karavani, ile nyumba ndogo ya magurudumu ya kulala safarini, haijafungwa nyuma. Wa zambarau ulionyesha ulipopanda baada ya karavani kulalia nyuma ya gari. Kazi yake asubuhi ile ya Desemba ilikuwa kulishusha bati lirudi kwenye mwekundu, au karibu yake.

Ukiona karavani ikivutwa barabarani unaweza kudhani imefungwa tu, kama mbuzi na kamba yake, safari ikaanza. Sivyo! Karavani huegemea. Huweka shingo yake juu ya mkia wa gari, mkia ukazama, pua ikainuka, na matairi ya mbele, ambayo ndiyo yanayolielekeza gari, yakawa yanagusa lami kwa ncha za vidole. Dawa yake ni vyuma viwili vya springi, virefu kama mkono wa mtu mzima, vinavyochomekwa kwenye kiungo cha gari na karavani na kuvutwa juu kwa minyororo upande wa karavani. Ukifupisha minyororo, vyuma vinapinda, na uzito unasukumwa mbele hadi matairi yakanyage tena. Usipofupisha vya kutosha, pua inabaki hewani.

Haya yote Marcellin aliyajua kwa sababu ya Mwadini, fundi kutoka Tanga mwenye gereji Bertrams, ambaye alimuuzia vyuma hivyo na kuja mwenyewe kumsimamia.

"Sasa watu waingie," Mwadini alisema. "Kila mtu akae pale atakapokaa safarini. Ukipima gari tupu umepima gari la maonyesho."

Célestine, mke wa Marcellin, akakaa mbele na kuanza kupaka wanja kwenye kioo kidogo. Binti yao Glody akaruka nyuma. Pembeni yake pakabaki wazi.

"Na huyo mwingine?" Mwadini aliuliza.

"Mwingine nani?"

"Mkweo, bwana! Au yeye atakwenda anaelea?"

Marcellin alitupa jicho juu kwenye dirisha la ghorofa ya tatu. Huko Mama Ngalula, mama yake Célestine, alikuwa anamalizia chai. Alikuwa amekuja kwa basi kutoka Lubumbashi, siku nzima na usiku kucha na siku nyingine tena, na tangu afike alikuwa ameomba kitu kimoja tu: aione bahari kabla hajarudi kwake. Maisha yake yote alikuwa ameisikia tu kwenye nyimbo za kanisa. Ndiyo maana Marcellin, mlinzi wa usiku kwenye kiwanda cha masanduku, alikuwa amenunua karavani ile iliyochakaa kwa bosi wake aliyestaafu, akaipaka rangi na kuziba paa lake.

"Mwadini, mimi ni Muluba. Siwezi kumwita mkwe wangu akae garini ili nitazame limezama kiasi gani. Hata usoni simtazami."

"Hiki chuma hakijui kama aliyekaa ni mkwe au gunia la mkaa."

"Mimi najua."

Célestine huuza unga wa fufu saluni kwake, na mifuko miwili mikubwa ilikuwa imesimama mlangoni pa jengo. Marcellin akabeba mmoja, akauketisha pale pembeni ya Glody. Akaugusa wa pili. Akaacha. Mama Ngalula ni mwanamke mkubwa, mkubwa kwa kila namna, lakini mkwe gani ana moyo wa kusema mama wa mke wake ni mifuko miwili?

"Mkweo ni mfuko mmoja?" Mwadini aliuliza taratibu.

"Ni mmoja."

"Haya, shehe. Wewe ndiye utakayeshika usukani."

Wakafupisha mnyororo pete moja, wakapima, wakafupisha nyingine. Bati likashuka hadi kwenye mwekundu. Mwadini akafuta mikono, akasema "sharp, iko sawa", akaenda zake. Mfuko wa unga ukarudi mlangoni haraka kama kitu kilichoibwa.

Mama Ngalula alishuka na kitenge kipya, na nyuma yake Célestine, aliyepanda kumsaidia, ameinamishwa upande mmoja na begi lake zito.

"Marcellin, hili begi la mama liwekwe wapi?"

Alipaswa kuuliza lina nini. Alipaswa kusema liwekwe katikati, juu ya magurudumu ya karavani, kwani mzigo wa nyuma kabisa huiyumbisha. Mwadini alikuwa amemrudia hilo hadi akachoka. Lakini begi la mkwe halichunguzwi wala halipangiwi mahali.

"Popote Mama watakapopenda," alijibu, macho chini.

Mama Ngalula alipenda nyuma kabisa, chini ya kitanda, lisimsumbue mtu. Marcellin alisikia sakafu ya karavani ikiguna, naye akajifanya anakagua taa.

"Na hiyo fimbo ni ya nini?" mama mkwe aliuliza alipopita.

"Ya nyoka, Mama. Huko Durban tuendako kuna nyoka. Muingie, tafadhali, mkae vizuri." Humwambia "ninyi" siku zote, kana kwamba anahutubia mkutano.

Aliingia. Gari likashuka nyuma kwa mguno mrefu. Marcellin aliona ukingo wa bati ukipanda, akaiona nafasi kati yake na mstari mwekundu, upana wa vidole vyake vitatu. Akaitupa fimbo ndani ya karavani na kufunga mlango.

Mpaka robot ya mwisho, taa za barabarani za kutokea mjini, alijiambia kwamba vidole vitatu si kitu. Alikuwa amekigeuza kioo cha ndani ili aone karavani tu, asimwone mkwe wake usoni. Sasa hata karavani hakutaka kuitazama. Usukani ulikuwa mwepesi mno, mwepesi kama wa gari la kuchezea. Nyuma yake Mama Ngalula alikuwa anamsimulia Glody habari za bahari kama mtu aliyezaliwa humo, kwamba maji yake huja yanakimbia na kurudi yametulia, na kila neno lake lilimchoma Marcellin mgongoni. Watu wanne ndani ya gari hili, na yeye peke yake ndiye aliyejua.

Kabla hawajafika mji wa Heidelberg, kwenye njia ya Durban, lori refu likawapita. Upepo wake ukaisukuma karavani kando, karavani ikarudi, ikapitiliza upande wa pili.

"Papa," Glody alisema, "karavani inatikisa mkia."

Ikatikisa tena, kwa nguvu zaidi, ikiivuta Venture huku na huku. Célestine alishika mlango. Mama Ngalula akaita, "Yesu wangu!" Marcellin hakukanyaga breki. Aliachia mafuta, akanyoosha usukani kwa mikono iliyolowa, akangoja. Mtikisiko ukapungua, ukatulia. Akaendesha polepole pembezoni hadi kwenye kituo cha mafuta, akazima gari.

Mama Ngalula alikuwa wa kwanza kushuka. Na aliposhuka, mbele ya macho ya watu wote, gari likapumua na kuinuka.

Alisimama akilitazama. Akaweka mkono juu ya bodi, akaukandamiza kidogo, akauondoa.

"Kumbe ni mimi," alisema.

"Hapana, Mama!" Célestine alisema.

"Nina macho. Nilipokaa lilizama, niliposhuka limeinuka. Mnitafutie taksi nirudi Yeoville. Nyinyi nendeni. Bahari mtaniletea kwenye chupa, nimesikia watu wa hapa huwa wanaleta."

Alikwenda kukaa kwenye ukuta mfupi karibu na mashine ya upepo wa matairi, akavuta kitenge chake pande zote mbili kama anayetaka kuchukua nafasi ndogo zaidi. Hilo ndilo lililomuumiza Marcellin zaidi. Alikuwa amekwepa kumwambia ni mzito, na sasa mwenyewe alikuwa anajikunja ukutani.

Célestine alimgeukia mumewe. "Ulisema umepima. Ulipima nini?"

"Gari ni zee, Célestine."

"Gari lilikuwa zee hata jana. Nimekuuliza ulipima nini."

Ingekuwa rahisi kukaa kimya. Taksi ingekuja, mkwe angerudi, karavani ingetembea vizuri zaidi bila yeye, na wote wangeamini kwamba mwili wa Mama Ngalula ndio uliomnyima bahari. Marcellin aliliona hilo lote, akaona pia kwamba kwa muda alikuwa amelitamani.

Akaenda. Alisimama mbali kidogo na ule ukuta, macho kwenye viatu vyake.

"Mama, si ninyi. Ni mimi. Hili gari hupimwa watu wakiwa wamekaa ndani, kisha minyororo inafupishwa kulingana na uzito. Niliona haya kuwaita. Nikaweka mfuko wa unga mahali penu."

Mashine ya upepo ililia, ikanyamaza.

"Mfuko wa kilo ngapi?"

"Hamsini."

"Mifuko mingapi?"

"Mmoja."

Mama Ngalula alikuwa ameuza unga sokoni Lubumbashi tangu Célestine akiwa mgongoni. Alimtazama mkwewe kwa muda mrefu, na Marcellin alijua anatazamwa.

"Kipimo hicho," alisema hatimaye, "kingekuwa changu sokoni, kingenipunja vibaya sana." Kisha, bila kicheko: "Uliona haya, ukanificha. Ningerudi na hii aibu hadi kwangu, Marcellin. Ningewaambia watu gari lilinikataa."

"Mnisamehe, Mama."

"Ile fimbo ya nyoka. Njo yenyewe ya kupimia?"

"Njo yenyewe, Mama."

"Ilete."

Kwanza walilitoa begi lake. Ndani mlikuwa na kinu cha mti mgumu na mchi wake, vya Célestine, vya kutwangia sombe, majani ya muhogo, vimekokotwa kutoka Lubumbashi. Ndicho kilichokuwa kinautikisa mkia. Marcellin alikibeba mikononi kama mtoto mchanga, akakiweka katikati, juu ya magurudumu, akakifunga kwa kamba.

Kisha Mama Ngalula akaingia garini, akakaa wima na kutazama mbele kama anayepigwa picha ya pasipoti. Marcellin alipiga magoti na fimbo yake. Masikio yalikuwa yanamwaka.

"Nipumue, au nitaharibu kipimo?" sauti ilitoka dirishani.

"Mpumue, Mama."

Glody alicheka, mama yake akamfinya. Mnyororo ukafupishwa pete moja, upande huu na ule. Bado. Ikaongezwa nyingine. Bati lilishuka taratibu hadi likagusa mstari mwekundu.

Waliporudi barabarani, usukani ulikuwa na uzito wa usukani. Lori jingine lilikuja, na wote wanne wakashika pumzi. Upepo ukapiga. Karavani ikawafuata imenyooka.

Marcellin alikirudisha kioo cha ndani mahali pake. Mama Ngalula alikuwa anatazama milima ikipita, na hakuugeuza uso.

"Mifuko miwili na kidogo," alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na milima.

Marcellin alishika usukani kwa mikono yote miwili, masikio bado yanamwaka, akampeleka mkwe wake baharini.