Sentensi Iliyokatwa kwa Kalamu Nyekundu

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Mwanamke wa miaka hamsini na sita anavuta kiti, anasogeza kipaza sauti karibu na kidevu, anabonyeza swichi na kuanza kuzungumza na watu asiowaona. "Meli zote, meli zote, meli zote. Hii ni taarifa ya bahari."

Anasoma polepole mno. Asiyemjua atadhani bado ana usingizi. Kila sentensi anaisema, anatulia, anasema "narudia", kisha anaisema tena neno kwa neno. Ndivyo alivyofundishwa miaka ishirini na tisa iliyopita alipoajiriwa katika kituo hiki cha redio ya meli: soma kwa mwendo wa mtu anayeandika kwa penseli huku chombo kikimyumbisha.

Upepo wa kaskazini mashariki, wa nguvu. Narudia. Mawimbi ya mbali kutoka kaskazini, kimo mita mbili na nusu. Narudia. Halafu anafika kwenye mstari uliokatwa kwa kalamu nyekundu. Anauruka, anamalizia na habari za ukungu na mvua, kisha anazima.

"Umenisikia?" anamuuliza mwandishi wa habari aliyeketi kando yake. "Hakuna neno la uongo hata moja hapo, na bado nimewadanganya."

Mabaharia humwita Shangazi. Wengi wao hawajawahi kumwona sura, wanaijua sauti tu, na wakipita mjini humletea salamu, sabuni, wakati mwingine kilemba. Chumba chake cha kazi kina meza moja, feni inayolalamika kuliko inavyopuliza, na dirisha ambalo bahari haionekani. Ramani iliyobandikwa ukutani imepauka upande wa kaskazini, kwa sababu upande huo ndio anaougusa zaidi kwa kidole.

Huku ukanda wa joto hakuna anayejua baridi ya kuvaa makoti mawili. Januari jua linachoma, anga ni buluu, na watu wa bara hudhani bahari nayo imetulia. Shangazi anacheka bila furaha akiisikia dhana hiyo. Miezi hiyohiyo, anasema, dhoruba za baridi huko kaskazini ya mbali huipiga bahari usiku na mchana, na mawimbi yake husafiri siku nne, siku tano, hadi kufika huku kwetu. Yanafika bila wingu, na wakati mwingine bila upepo. Mtu yuko sitahani amevua shati, anaota jua, kumbe maji yanayomjia yametoka kwenye theluji.

Kisha kuna hiyo namba. Kimo kinachosomwa kwenye taarifa si cha wimbi kubwa kuliko yote. Ni wastani wa yale makubwa, hesabu ya wataalamu. "Ukiambiwa wanafunzi wa darasa fulani wana wastani wa futi nne," anaeleza, "usishangae kumkuta mmoja anainama mlangoni." Bahari ikipewa mita mbili na nusu, ndani ya saa chache linaweza kuja wimbi la karibu mita tano.

Ndiyo maana, tangu mwaka wake wa kumi kazini, alikuwa akiongeza sentensi moja mwishoni mwa habari za mawimbi: Wimbi moja moja laweza kufika mara mbili ya kimo hiki. Mkuu wa kituo wa wakati ule aliisikia, akatikisa kichwa kukubali, mambo yakaisha. Wala hakuisoma kila siku. Aliisoma pale tu mawimbi ya mbali yalipokuwa yanaingia, kwa hiyo mabaharia walipoisikia walijua leo ni leo. Kosa pekee ni kwamba hakuna aliyekumbuka kuipiga chapa kwenye fomu. Aliiandika mwenyewe kwa mkono kwenye fomu ya siku hiyo, ikabaki ya mtu mmoja.

Mwaka juzi akaja mkuu mpya. Si mtu mbaya, Shangazi anasema, ila tangu aajiriwe hajakanyaga meli. Haukupita muda, umoja wa wenye meli ukaandika barua ya malalamiko: manahodha wakiisikia ile sentensi wanagoma kung'oa nanga, mizigo inalala, kituo kinatumia lugha ya kutisha. Mkuu hakuita mtaalamu wala hakuuliza baharia. Alichukua kalamu nyekundu, na tangu hapo kila fomu yenye mstari ule wa mkono ikipita mezani kwake, anaukata.

Alipoulizwa ofisini kwake juzi, alijibu kwa upole kwamba taarifa ya bahari si mahali pa maoni ya mtu. Shangazi alifikishiwa jibu hilo. Akasema, "Maoni. Basi na mkono wa mdogo wangu ni maoni."

Mdogo wake ni mpishi wa meli. Wenzake walimpachika jina la Kijiko, kwa kuwa hakuwahi kuonja mchuzi mara moja akaridhika. Januari ya mwaka jana, wiki ya pili baada ya sentensi kufutwa, alikuwa kwenye meli ndogo iliyobeba saruji na vitunguu. Asubuhi hiyo dada yake alisoma mita mbili na nusu. Mkononi alikuwa na fomu iliyokatwa na kichwani alikuwa na amri mpya, naye akatii. Nahodha wa Kijiko akaandika namba kwenye daftari la safari, akatazama anga safi, wakaondoka.

Saa nane mchana wimbi likawapiga ubavuni. Kijiko alikuwa jikoni, na sufuria ya maji ya moto ikamwagika yote juu yake, kuanzia begani hadi pajani. Baharia mmoja aliyekuwa sitahani akifunga kamba alichukuliwa na maji. Hajaonekana hadi leo.

Kijiko alilala hospitali wiki kumi na moja. Leo yuko nyumbani kwa dada yake, vyumba viwili, pamoja na mkewe na watoto wawili, wote wanategemea mshahara mmoja. Mkono wa kulia haupandi juu ya bega. Anapika kwa wa kushoto, na utani haujamwisha: anasema sasa chakula chake kina chumvi ya upande mmoja. Lakini akiulizwa habari za mwenzake aliyepotea, anaomba radhi na kutoka kwenda uani.

Nahodha naye alikuja hospitalini siku ya tatu, kofia mkononi. Shangazi alikuwa kando ya kitanda. Alijiandaa kulaumiwa kwa ile namba. Alichoambiwa hakukitegemea.

"Shangazi, siku ile hukuisema," nahodha alimwambia. "Miaka yote ukiona hatari unaisema. Nilipoona hukuisema, nikajua leo mawimbi makubwa hayapo."

Hapo ndipo kila mwenye akili timamu angesimama na kujishika kichwa. Sentensi haikufutwa tu kwenye karatasi. Kwa watu walioizoea miaka kumi na minane, kutosikika kwake kulikuwa taarifa kamili, kulisema nendeni salama. Waliopeleka taarifa hiyo baharini ni wenye meli na kalamu nyekundu, kwa kinywa cha mwanamke asiyejua analosema. Hakuna aliyeitwa kujieleza. Wenye meli walituma shada la maua.

Wiki iliyofuata Shangazi aliirudisha sentensi yake hewani bila kumuuliza mtu. Akapewa barua ya kwanza ya onyo. Akaendelea, huku akiandika maombi matatu kwamba ipigwe chapa kwenye fomu, yote hayakujibiwa. Ijumaa iliyopita ikaja barua ya pili. Imeandikwa kwamba akiongeza neno lolote lisiloidhinishwa, kazi hana tena. Amebakiza miaka minne astaafu. Ndiyo sababu ya leo asubuhi kuuruka mstari, na anasema aliuruka kwa woga, asitafutiwe jina lingine.

Saa nne kasoro, simu ya redio inakoroma. Ni nahodha wa meli ya mizigo iliyoko bandarini, anatarajia kuondoka saa saba mchana na watu tisa. Sauti yake imechangamka.

"Shangazi, shikamoo. Leo ile yako sijaisikia. Ina maana huko nje pako shwari?"

Shangazi anaitikia marahaba. Barua inamkataza kutoa ushauri nje ya taarifa. Anafumba macho. Mwishowe anamwambia asikilize taarifa ya saa sita, asiondoke kabla ya hapo, na anazima redio.

Anatoka hadi ofisini kwa mkuu na kumweleza yote. Anarudi baada ya dakika saba. Mkuu amemwambia suala lake litapelekwa kwenye kikao cha mwezi ujao. "Mwezi ujao," anarudia Shangazi, na hasira zimempanda hadi machoni. "Meli inaondoka saa saba."

Anapoulizwa anatamani nini katika hiyo miaka minne iliyobaki, hataji cheo wala kiinua mgongo. Anataka ile sentensi ipigwe chapa kwenye fomu, ili hata atakayekaa kwenye kiti hiki baada yake, awe mwoga, awe mgeni, awe na haraka ya kwenda nyumbani, aisome tu kwa kuwa imeandikwa. Kuhusu barua ya pili anasema mwandishi aandike kila atakachokisikia, maana mitambo inarekodi na hakuna siri.

Saa sita na dakika kumi anavuta kiti. Meli zote, meli zote, meli zote. Upepo. Narudia. Mawimbi ya mbali, mita mbili na nusu. Narudia. Mlango uko wazi, na mkuu amesimama hapo, nakala ya fomu mkononi.

Shangazi anafika kwenye wino mwekundu. Hapandishi sauti wala haharakishi.

"Wimbi moja moja laweza kufika mara mbili ya kimo hiki. Narudia. Wimbi moja moja laweza kufika mara mbili ya kimo hiki."

Anamaliza taarifa, anaachia swichi. Mkuu anafungua mdomo, lakini redio inamtangulia. Ni yuleyule nahodha wa asubuhi, safari hii bila uchangamfu.

"Shangazi, hiyo ya mawimbi rudia tafadhali. Nilikuwa natafuta penseli."

Anabonyeza swichi na kuirudia mara ya tatu, polepole, mkuu akiwa bado mlangoni.