Justina na Mpiganaji Anayepigwa Kila Mkanda

Saa nane mchana, Jumapili, Juni 1997. Misa ya pili imekwisha, watu wamekula, na sasa wanabanana kwenye mabenchi ya banda la video la Obed, nyuma ya soko mjini Sumbawanga. Baridi ya Ufipa inapenya kati ya mbao. Justina Sikazwe anajifunga kitenge mabegani, anakohoa mara moja, kisha anashika kipaza sauti.

Kwenye runinga wanazungumza Kiingereza. Yeye ndiye anayewasemea wote kwa Kiswahili: nahodha wa chombo cha anga, daktari wake, hata mashine inayohesabu nyota. Sasa anaingia Murgo, mpiganaji mwenye paji la uso gumu kama ganda la kobe, mlinzi wa chombo. Adui mgeni anamshika shingo na kumrusha ukutani.

"Murgo ameguna," anasema Justina. Basi.

Banda linacheka. Huu ni mkanda wa tisa kati ya kumi na minne ya hadithi hii, na Murgo amepigwa katika yote tisa.

Miezi mitatu iliyopita wasingecheka. Wakati huo Murgo wa Justina alikuwa na maneno.

Mama huyu wa watoto wanne, ambaye wengi humwita Mama Abel, mwenye miaka arobaini na mitatu, hakusomea kazi hii. Kiingereza alikipata kwa masista, akakinoa kwenye meza ya simu ya shirika moja la umma. Mwaka 1994 shirika likapunguza watu, naye akarudi kwenye mahindi na ulezi. Mikanda ya video ilipoanza kufika mjini kwa mabasi, Obed akatafuta mtu wa kufasiri. Humlipa shilingi mia tano kwa mkanda, bei ya kilo moja ya sukari.

"Wengine niliwafasiri kama walivyo," anasema. "Murgo alinishinda. Mtu mzima, mlinzi wa watu, kila akifungua mdomo anataka kupigana, na kila akipigana anaanguka. Niliona wamemwonea."

Akaanza kumsaidia. Murgo akiguna, Justina alisema: "Hesabu milango kabla hujahesabu maadui." Murgo akianguka, alisema: "Nimeanguka mimi ili nyinyi mpite." Watu wakampenda. Nyanda, mfugaji anayepanda kutoka Muze, kule bondeni, kuuza ng'ombe, alikuwa akipanga safari zake ziangukie Jumapili.

Ndipo siku moja mwalimu wa Kiingereza, Flavian, akasimama kwenye benchi la nyuma.

"Samahani, Mama Abel. Hapo Murgo hakusema kitu. Ameguna tu."

Obed akasimamisha deki. Justina anakumbuka masikio yake yakiwaka moto.

"Kwa hiyo tunadanganywa?" mtu akauliza.

"Sisemi hivyo," mwalimu akajibu. "Nasema huyu kaandikwa vibaya. Mwandishi anamtaka apigwe ili tujue adui ana nguvu. Zaidi ya hapo hakumfikiria. Mama Abel akimremba, tunamsifu mwandishi kwa kazi asiyoifanya."

Nyanda hakukubali. "Mwalimu, kwetu mlinzi wa ng'ombe akipigwa kila siku, hatusemi ni dhaifu. Tunauliza ni nani anayemtuma peke yake."

"Ndiyo hayo hayo ninayosema, mzee," alisema Flavian. "Mwandishi ndiye anayemtuma."

Obed, akihofia banda lake, alimwambia Justina kwa upole: "Mama, ukiongeza tena nitatafuta mwingine."

Alirudi nyumbani ameinamisha kichwa. Mumewe, Marselino, alikuwa uani akipukuchua mahindi. Marselino alipigana Vita vya Kagera, na tangu arudi hajawahi kuingia bandani. Hapendi mlio wa bunduki, hata wa kwenye runinga. Justina akamsimulia yote.

"Hayo maneno ya milango uliyatoa wapi?" akauliza.

"Kwako. Uliyasema mwaka ule uliporudi kutoka vitani, ulipokuwa na homa."

Marselino akapukuchua hindi zima hadi likabaki gunzi.

"Basi si ya huyo mtu wa runinga," alisema. "Mimi sikuwa naye kule. Mwache aseme ya kwake."

Justina anasema maneno hayo yalimwingia kuliko ya mwalimu. Kumbe katika kumwonea huruma mtu ambaye hayupo, alikuwa amemvua aliyepo maneno yake.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya mabenchi kabla ya mkanda. "Niliwaongezea maneno," aliwaambia. "Leo nitasema yaliyomo tu." Wachache wakaondoka, wengi wakabaki. Wakamwona Murgo alivyo, wakamcheka. Mkanda ulipokwisha, Nyanda hakuinuka.

"Mama, yule mwingine," aliuliza, "yule anayehesabu milango. Yeye ilikuwaje?"

Swali hilo ndilo lililomfanya anunue daftari la kwanza. Sasa yako matatu. Ndani yake mna mpiganaji kutoka uwanda huu, ndani ya chombo kinachopita kati ya nyota, na mwenye chombo hamtumi peke yake. Flavian humsahihishia vituo na mikato. Marselino husomewa kila sura, na safari hii mwenyewe amekubali maneno yake yatumike.

Anataka kumaliza kabla ya mvua za Novemba, na Obed ameahidi kumpa kipaza sauti Jumapili moja, runinga ikiwa imezimwa. Imebaki sura moja ya kurudia. Alipomsomea mumewe wiki iliyopita, Marselino alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:

"Huyu wako halali? Sura tano, hajalala. Mtu aliyetoka vitani, kitu cha kwanza anachotaka ni kulala mahali ambapo kuna mtu anayemlinda."

"Kwa hiyo nimlaze," anasema Justina, akitafuta kalamu. "Natafuta tu nani akae mlangoni."